Mguu unaposhikwa usiku



Maumivu tunayoongelea juma hili yana majina mengi. Wengine wanasema «mshipa umenishika», wengine wanasema mguu umejikunja, na waliosoma Kifaransa wanasema krampe. Lakini kila mama anayeyajua anaonyesha mahali pamoja: nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti, ile ambayo vitabu vinaita kigimbi. Umelala vizuri, saa nane ya usiku unanyoosha mguu kidogo chini ya blanketi, na ghafula nyama ile inakuwa ngumu kama jiwe. Unashika pumzi. Unataka kupiga kelele lakini watoto wamelala. Kisha inaachia pole pole, na asubuhi unakwenda soko ukichechemea.

Mara nyingi jambo hili haliui mtu, wala haliharibu mguu. Tunaliandika kwa sababu ya mambo yanayofanyika pembeni yake. Mama mmoja anauza kuku ili anunue vidonge ambavyo havitamsaidia. Mwingine anachanjwa kwa wembe. Mwingine anaambiwa kwamba jirani yake anakuja usiku kumkanyaga, na tangu siku hiyo hawasalimiane tena na jirani. Na kuna yule tunayemwogopea zaidi: mguu wake hauna krampe hata kidogo, una ugonjwa mwingine, lakini kila mtu nyumbani anaukanda kwa mafuta mpaka wakati wa kwenda hopitali unapita.

Basi tuanze na lile la kawaida. Nyama za mwili zinafanya kazi kwa kujikaza na kujilegeza. Neva, ule uzi unaotoka katika uti wa mgongo, ndio unaoambia nyama ijikaze. Katika krampe, neva inatuma amri bila wewe kuitaka, tena inairudia upesi upesi, na nyama inajikaza bila kuachia. Inaweza kuchukua sekunde chache, inaweza kufika dakika kumi. Kwa nini inakuja zaidi usiku? Tukilala chali au kifudifudi, ncha za miguu zinaelekea chini, na kigimbi kinakuwa kimekunjwa tayari. Nyama iliyokunjwa ni rahisi kukaza zaidi. Hakuna mtu anayekuja kukanyaga. Jirani hana kosa.

Kutoka hapo tunaelewa pia dawa ya kwanza, ambayo haiuzwi popote: kama nyama imejikunja, uinyooshe. Nyoosha goti kabisa, kisha vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, kuelekea goti. Usivisukume mbele; ukivisukuma mbele unaongeza moto. Kama mkono haufiki kwenye vidole, na mama mwenye mimba ya miezi minane hautafika, chukua kikwembe, kipitishe chini ya unyayo, shika ncha mbili na uvute pole pole. Njia nyingine ni kusimama: shuka kitandani, weka kisigino chini sakafuni, goti limenyooka, egemea ukuta na uache uzito wa mwili ushuke juu ya mguu ule. Sakafu ya baridi wala haidhuru. Itauma zaidi kwa sekunde chache, halafu utasikia nyama inaachia. Hapo ndipo unaikanda kwa mikono, ukitoka chini kwenda juu, na unatembea hatua chache ndani ya nyumba.

Kama bwana yupo, mwamshe. Tunasema hivi kwa makusudi, maana wamama wengi wanauma meno gizani ili wasisumbue mtu. Mtu mwingine akishika kisigino kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akasukuma ncha ya mguu kuelekea goti, mambo yanakwisha upesi kuliko unapojisaidia mwenyewe. Mfundishe mchana, si usiku. Bwana aliyeamshwa bila kufundishwa atavuta mguu kama anavuta mbuzi, na atauvuta upande usiofaa.

Maumivu yakibaki asubuhi, kitambaa kilicholowekwa katika maji ya moto na kukamuliwa kinatuliza. Jaribu joto kwanza kwa upande wa ndani wa mkono wako. Mama mwenye ugonjwa wa sukari awe na uangalifu mara mbili, kwa sababu miguu yake inaweza kuwa imepoteza hisia, na atajiunguza bila kujua. Kuhusu wembe tunasema waziwazi: kuchanja ngozi ili «damu mbaya itoke» hakufungui nyama iliyokaza, na wembe uliopita kwa watu wengi unaweza kuleta virusi vya UKIMWI, homa ya ini na pepopunda. Hata kupiga mguu kwa fimbo au kwa mpini wa mwiko, kama wanavyofanya wengine, hakuna faida. Kunaacha tu alama nyeusi.

Sasa, kwa nini sisi? Krampe inashika wanaume na wanawake, na mara nyingi hata muganga hawezi kusema ilitoka wapi. Lakini tukiangalia maisha ya wamama wa hapa, sababu nyingi zimepanga foleni. Nyama iliyochoka inakaza kwa urahisi. Mama anayebeba mfuko wa mihogo mgongoni, kamba ikiwa kwenye kipaji cha uso, akipanda mlima kutoka kivukoni mpaka soko, vigimbi vyake vinafanya kazi ya mashine. Mama anayesimama mbele ya meza ya samaki tangu asubuhi mpaka magharibi, vyake vimekaza siku nzima bila kutembea. Anayepiga jembe kwenye jua anatoka jasho, na katika jasho hutoka maji pamoja na chumvi. Umri nao unaongeza, kwa kuwa nyama na mikano inakuwa mifupi kadiri tunavyozeeka. Na mimba: wamama wengi wajawazito wanaijua krampe, zaidi katika miezi mitatu ya mwisho.

Wengine watauliza, je, mazoezi yatasaidia mtu anayebeba kilo 60 kila siku? Tusidanganyane. Kama mzigo unaweza kugawanywa mara mbili, ugawanywe. Kama vijana wa kiume wanakaa nyumbani wakati mama yao anabeba, hilo si jambo la dawa. Lakini hata kwa mama ambaye hana njia nyingine, kuna kitu kidogo kinachosaidia kweli. Simama ukitazama ukuta, umbali wa mkono mmoja. Weka viganja ukutani. Peleka mguu mmoja nyuma, goti likinyooka, kisigino kikae chini, kisha egemea mbele mpaka usikie kigimbi kinavutika. Usirukeruke. Hesabu mpaka 20 au 30, pumzika, rudia mara tatu, halafu badili mguu. Fanya hivyo kila jioni mbele ya kulala. Katika Uholanzi, utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulichukua watu 80 wenye zaidi ya miaka 55 waliosumbuliwa na krampe za usiku. Nusu yao walinyoosha miguu kila jioni kwa majuma 6, wengine hawakunyoosha. Walionyoosha walipata krampe chache zaidi, na zile zilizobaki ziliuma kidogo kuliko mbele. Ni utafiti mdogo, lakini dawa yenyewe ni bure na haina sumu. Mama mjamzito anaweza kuifanya pia, mradi ukuta uwe imara na asivae viatu vinavyoteleza.

Mambo mengine madogo: blanketi zito lililochomekwa kwa nguvu chini ya godoro linasukuma vidole chini usiku kucha, basi lilegeze upande wa miguu. Ukilala chali, weka mto au nguo zilizokunjwa ili nyayo ziwe na mahali pa kuegemea. Ukikaa sokoni, usikae juu ya mguu uliokunjwa; inuka kila saa, simama juu ya vidole kisha ushuke, mara kumi. Kunywa maji mchana. Tunajua kwa nini wamama wa soko hawanywi: choo hakipo, au kipo lakini ni cha kulipia, au ni kichafu hata mtu anaogopa. Hilo ni neno la kupeleka kwa wakubwa wa soko, na vikundi vyetu vinaweza kulipeleka pamoja, kwa kuwa mama mmoja akilisema peke yake wanamcheka.

Tuje kwenye makuta. Famasi za barabarani zinauza vitu vingi kwa ajili ya miguu. Magneziamu ndiyo inayosifiwa zaidi. Watafiti waliokusanya majaribio mengi na kuyapima pamoja waliona kwamba kwa watu wazima wenye umri mkubwa haipunguzi krampe kwa kiasi cha kuonekana. Kwa wajawazito matokeo hayakubaliani, mengine yanasema inasaidia, mengine yanasema hapana. Kama muganga wa kupima mimba amekuandikia, umeze. Kama ni muuzaji tu anakushauri, nunua maharagi. Ndizi nazo zinasemwa kila mahali. Ndizi ni chakula kizuri, lakini ndizi ya jioni haizuii krampe ya usiku ule. Lengalenga, sombe, maharagi na sambaza zinatupa ile chumvichumvi ambayo mwili unaihitaji, na tunazikula kwa sababu ni chakula. Tafadhali, vidonge vya kuongeza damu ambavyo kituo cha afya kinatoa kwa wajawazito, msiviache kwa kufikiri kwamba ndivyo vinavyoleta krampe.

Dawa inayotupa hofu ni kwinini. Sisi wa Kivu tunaijua kuliko wengi. Mti ambao gamba lake linatoa kwinini ulitoka milima ya Amerika ya Kusini, ukapandwa hapa kwetu wakati wa Wabelgiji, na hata leo uko katika mashamba ya milimani. Kwa sababu mti ni wetu na dawa ni ya zamani, watu wanaiona kama chai. Wazee wanaambiana: kidonge kimoja cha kwinini jioni, mguu unanyamaza. Na neno hilo halikutoka hewani. Hata Ulaya na Marekani waganga waliiandika kwa krampe kwa miaka mingi, na ni kweli kwamba inaweza kuzipunguza kidogo. Shida ni bei ambayo mwili unalipa. Kwinini inaweza kuharibu chembe zinazogandisha damu, mtu akaanza kutoka damu puani na kwenye fizi. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Inaweza kushusha sukari ya damu, na mama mjamzito ndiye anayeshuka kwa haraka. Masikio yanalia, macho yanaona ukungu. Mwaka 2006 serikali ya Marekani, kwa idara yake inayosimamia madawa, iliamuru kwinini zote zilizokuwa zikiuzwa bila kibali zitoke sokoni, na ikaonya watu wasiitumie kwa krampe za miguu. Mwaka 2010 ilirudia onyo lile. Kwinini ni dawa ya malaria, na kwa malaria yenyewe ni muganga anayeamua. Kwa mguu unaokaza, tuiache. Na gamba linalochemshwa ni hivyo hivyo, tena ni baya zaidi kwa kuwa hakuna anayejua kiasi kilichomo ndani ya kikombe.

Kuna madawa mengine ambayo yenyewe yanaweza kuleta krampe. Mama anayekunywa vidonge vya tansiyo vile vinavyokojosha, akianza kushikwa miguu, asiviache peke yake. Arudi kwa aliyemwandikia, ampe kartoni au karatasi ya vidonge, aseme: tangu nilipoanza hivi, miguu inakaza. Mara nyingine wanapunguza, mara nyingine wanabadilisha. Kuacha dawa ya tansiyo kimya kimya kumeangusha watu wengi. Ugonjwa wa sukari, wa figo na wa ini unaweza pia kujionyesha kwa krampe. Basi kama inakuja karibu kila usiku kwa majuma mengi, kama inashika mikono na tumbo pia, au kama miguu inapoteza nguvu na inakonda, hapo ukuta na kikwembe havitoshi. Na maumivu ya kigimbi yanayokuja kila ukitembea na kukoma kila ukisimama, hayo mara nyingi yanatoka kwenye mishipa ya damu iliyoziba kidogo. Hayo pia ni ya kumwonyesha muganga.

Wakati wa kipindupindu tuongeze neno. Miji na vijiji vya kando ya maziwa yetu, Kivu na Tanganyika, vinajua ugonjwa huo. Mtu anaharisha maji kama ya mchele, na baada ya saa chache miguu inakaza kwa maumivu makali. Hapo krampe ni alama kwamba maji na chumvi vimetoka mwilini vingi mno. Usianze kukanda. Mpe maji ya kunywa yenye chumvi na sukari mara moja, na mpeleke kwenye kituo cha kutunza wagonjwa wa kipindupindu, akiendelea kunywa njiani. Kama pakiti za kituo cha afya hazipo, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko 6 vidogo vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Onja: yasipite chumvi ya machozi.

Sasa tufike kwenye mguu usiokuwa na krampe. Tafadhali someni sehemu hii kwa sauti katika kikundi, maana inawahusu zaidi wamama wenye mimba na wale waliozaa karibuni.

Krampe inakuja na kuondoka. Ndiyo alama yake kubwa. Inaweza kuacha uchovu katika nyama kwa siku moja au mbili, lakini ile hali ya kukaza inapita kwa dakika. Kuna maumivu mengine ya kigimbi ambayo hayapiti: yanabaki mchana na usiku, mguu mmoja unavimba na mwenzake hauvimbi, ngozi inakuwa ya moto, na kukanyaga kunauma. Hayo yanaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa mkubwa. Wakati wa mimba damu inaganda kwa urahisi zaidi, ndivyo mwili unavyojitayarisha kwa uzazi ili mama asimalize damu yake, na hali hiyo inaendelea majuma 6 hivi baada ya kuzaa. Aliyepasuliwa ili azae yuko katika hatari zaidi. Vilevile yule aliyelala kitandani siku nyingi. Kwa wajawazito mara nyingi ni mguu wa kushoto, kwa sababu upande ule mshipa unabanwa zaidi.

Vitabu vinasema ngozi inakuwa nyekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo unaweza usionekane, basi tusiungoje. Tumia mgongo wa mkono: gusa mguu mmoja, gusa wa pili, linganisha joto. Halafu chukua kamba au uzi wa kushonea. Pima upana wa kiganja chini ya goti, zungusha kamba kwenye kigimbi, weka alama. Fanya vile vile kwa mguu wa pili mahali palepale. Kama tofauti inafika sentimeta 3, karibu upana wa vidole viwili, usilale na jambo hilo nyumbani. Hata kama tofauti ni ndogo, lakini maumivu na uvimbe ni wa mguu mmoja na hayapiti, nenda.

Na mguu ule usikandwe. Hatutachoka kusema. Bibi wa nyumba atakuja na mafuta ya mawese na mikono yake yenye nguvu, na ni kwa mapendo, lakini damu iliyoganda ikisukumwa inaweza kuachia na kupanda mpaka mapafuni. Hapo mama anakosa pumzi ghafula, kifua kinachoma, anakohoa labda damu, anaanguka. Ni dharura, na dakika zina maana. Kwa hopitali kuna madawa ya kuzuia damu isigande zaidi, na yale ya sindano yanaweza kutumiwa hata na mwenye mimba na anayenyonyesha. Kwa hiyo mama anayesema «nanyonyesha, siwezi kuchukua dawa» mwambieni aende, wamwambie wenyewe.

Najua mtu atauliza: miguu yote miwili ikivimba? Kwa mjamzito, miguu miwili kuvimba jioni ni kawaida, na inapungua akilala na kuinua miguu. Lakini ikivimba pamoja na uso na mikono, kichwa kikiuma sana, macho yakiona nyota au ukungu, au maumivu yakishika juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo inaweza kuwa tansiyo ya mimba, ambayo inaleta kifafa cha uzazi. Usingoje siku ya kupimwa mimba. Nenda siku ileile, hata usiku.

Tumalizie na watoto, kwa kuwa wamama wameuliza. Mtoto wa miaka mitano au kumi anayelia jioni kwamba miguu inauma, miguu yote miwili, na asubuhi anakimbia kama kawaida, huyo mara nyingi hana ugonjwa. Mkande, mfunike, mwache alale. Lakini mtoto ambaye miguu yake inakaza na haiachii, anayeamka siku moja akitembea kwa vidole, magoti yakigongana kama mikasi, huyo ni mwingine kabisa. Mwanzoni watu wa nyumba wanasema ni krampe au amelogwa. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Jina ni la Wayaka wa Kwango, na lina maana ya miguu iliyofungwa. Ni kule ambako muganga Mwitalia, Giovanni Trolli, aliuandika mwaka 1938. Unashika zaidi watoto waliopita miaka 3 na wamama wa umri wa kuzaa. Hauambukizi. Unatoka kwenye mihogo michungu ambayo haikutayarishwa vya kutosha, ikiliwa siku nyingi bila samaki, nyama wala maharagi ya kutosha. Na msidhani ni mambo ya Kwango tu: mwaka 2011 watafiti waliandika kwamba konzo imeonekana hata Kivu ya Kusini, na sababu tunaijua bila kuambiwa. Watu wanapokimbia vita hawangojei mihogo ilale majini siku tatu. Wanailoweka usiku mmoja, wanaitwanga, wanakula.

Miguu iliyofungwa na konzo hairudi kama zamani, ijapokuwa mazoezi na fimbo ya kutembelea vinasaidia. Ndiyo maana kazi iko jikoni. Mihogo michungu imenywe, ilowekwe siku tatu mpaka ilainike, kisha ianikwe juani. Na kama unanunua unga sokoni na hujui ulitengenezwa namna gani, fanya hivi. Mimina unga katika beseni, weka alama ndani mahali unapofika. Tia maji kidogo kidogo ukikoroga: unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kutia maji. Utandaze juu ya mkeka safi, wembamba, usipite sentimeta 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inatoka na kwenda hewani. Halafu songa bugali siku hiyohiyo, kama siku zote.